Kuamka Salama Baada ya Upasuaji: Mgonjwa wa Misuli Dhaifu na Dawa za Kulegeza Misuli

Nakala ya mhadhara wa elimu ya afya kwa wahudumu wa hospitali, wagonjwa na familia zao



Mtu anapoambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji, hofu yake kubwa huwa ni kisu. Huuliza kidonda kitakuwa kikubwa kiasi gani, atalala hospitalini siku ngapi, na gharama itakuwa shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza jinsi mgonjwa anavyoamshwa. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenye maradhi ya neva na misuli, hilo ndilo swali lenye uzito zaidi. Upasuaji wenyewe waweza kwenda vizuri, kidonda kikashonwa na damu ikawa haikupotea nyingi, kisha hatari ikaja dakika chache baadaye: mpira wa kupumulia umetolewa, lakini misuli ya kifua na ya koo haina nguvu ya kuvuta hewa wala kumeza mate.

Mhadhara huu unaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na jinsi inavyozuiwa. Ujumbe wake ni mmoja wenye pande mbili: mgonjwa aseme mapema, na mhudumu apime badala ya kukisia.

Neva inavyouamrisha msuli

Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Mtu anapotaka kukunja kidole, neva humwaga katika ufa huo kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huvuka na kushika vipokezi vilivyo upande wa msuli, nao msuli hukaza. Papo hapo kimeng'enya kilichomo katika ufa huivunja kemikali hiyo, msuli ukalegea na kungoja amri nyingine. Kazi hii hurudiwa kila mtu anapopepesa jicho, anapotafuna ugali na anapovuta pumzi.

Katika ugonjwa uitwao miastenia gravisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia vipokezi hivyo. Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wenye aina inayoenea mwili mzima hupatikana na kingamwili za namna hiyo katika damu. Kope huanguka. Mtu huona vitu viwiliviwili. Sauti hutokea puani, chakula hukwama kooni, na mikono huchoka wakati wa kuanika nguo au kusuka nywele. Alama kuu ya ugonjwa huu ni kwamba nguvu hupungua kadiri msuli unavyotumika, kisha hurudi baada ya kupumzika. Asubuhi mtu huonekana mzima, na jioni hawezi kutafuna.

Kwa sababu dalili huja na kuondoka, wagonjwa wengi huchelewa kutambuliwa. Mwenye kope zilizolala na ulimi mzito hudhaniwa amekunywa pombe. Anayechoka baada ya kazi kidogo huitwa mvivu. Wengine hupelekwa kwa waganga wakidhaniwa wamerogwa. Basi huenda mtu akafika kwenye meza ya upasuaji kwa sababu nyingine kabisa, kama vile ngiri, uvimbe au kujifungua, akiwa na ugonjwa ambao hata yeye mwenyewe hajui jina lake.

Dawa ya kulegeza kwa mtu aliyekwisha kulegea

Katika upasuaji mkubwa, mtaalamu wa nusukaputi, yaani yule anayempa mgonjwa dawa za usingizi, huongeza mara nyingi dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo hurahisisha kupitisha mpira wa kupumulia katikati ya nyuzi za sauti, na humpa daktari wa upasuaji nafasi ya kufanya kazi tumboni au kifuani bila misuli kukaza. Muda huo wote mgonjwa hapumui mwenyewe; mashine au mkono wa mtaalamu ndio unaompumulia.

Dawa nyingi za aina hii, zikiwemo rokuroniamu, vekuroniamu na atrakuriamu, hufanya kazi kwa kukalia vipokezi ili asetilikolini isipate pa kushika. Mtu mwenye afya ana vipokezi vingi kuliko anavyohitaji. Dawa yapaswa kuziba takriban robo tatu yake kabla ulegevu haujaanza kuonekana. Mgonjwa wa miastenia hana akiba hiyo. Mwenye magunia 100 ya mahindi akiibiwa 70, watoto wake bado watakula. Mwenye magunia matatu akiibiwa mawili, nyumba italala njaa.

Kwa hiyo kipimo ambacho ni cha kawaida kwa mtu mwingine chaweza kumlegeza mgonjwa wa miastenia kupita kiasi na kwa muda mrefu. Wataalamu humpa sehemu tu ya kipimo hicho, nusu au hata chini ya nusu, wakiongeza kidogo kidogo kadiri wanavyopima.

Kuna dawa nyingine ya kulegeza, suksametoniamu, ambayo hutumika sana katika dharura kwa sababu huanza kazi upesi. Hii haizibi vipokezi, bali huviamsha kwa nguvu hadi misuli inachoka. Kwa kuwa mgonjwa wa miastenia ana vipokezi vichache vya kuamshwa, huhitaji kipimo kikubwa zaidi ili dawa hiyo ifanye kazi. Lakini akiwa anameza vidonge vya ugonjwa wake, vidonge hivyo huchelewesha kuvunjwa kwa dawa hiyo, na ulegevu huweza kukaa kuliko ilivyotarajiwa. Mgonjwa mmoja, dawa mbili, na kila moja inampinga mhudumu kwa njia yake. Ndiyo maana mazoea ya kila siku ya thieta hayamtoshi mgonjwa huyu.

Harage la Calabar na daktari wa Greenwich

Asili ya dawa za kuondoa ulegevu iko hapa barani Afrika. Katika eneo la Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, kulikuwa na harage lenye sumu lililotumika katika viapo. Mtu aliyeshtakiwa uchawi alilishwa harage hilo. Aliyetapika akaishi alihesabiwa kuwa hana hatia, na aliyekufa alihesabiwa kuwa na hatia. Katika karne ya 19 wanasayansi wa Ulaya walitoa katika harage hilo kemikali iitwayo fisostigmini. Kemikali hiyo hukizuia kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kimeng'enya kikizuiwa, asetilikolini hujaa katika ufa na msuli hupata amri kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1934, katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, daktari mmoja aitwaye Mary Walker alikuwa akimhudumia mgonjwa wa miastenia. Aliambiwa kwamba ugonjwa huo unafanana na sumu ya kurare, ile sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini. Akafikiri hivi: ikiwa ugonjwa unafanana na sumu hiyo, huenda dawa inayoondoa sumu hiyo ikausaidia ugonjwa pia. Alimdunga mgonjwa fisostigmini, na kope zilizokuwa zimeanguka zikainuka kwa muda. Alichapisha habari hiyo katika jarida la The Lancet mwezi Juni mwaka huo. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba neostigmini, dawa iliyotengenezwa kwa mfano huo, ilifanya kazi vizuri pia.

Miaka minane baada ya ugunduzi wa Walker, tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare mgonjwa wa upasuaji huko Montreal, Kanada, ili kulegeza misuli yake. Tangu hapo dawa za kulegeza misuli zikaingia katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Dawa iliyowatibu wagonjwa wa miastenia ikawa pia ndiyo dawa ya kuwazindua watu waliolegezwa kwa ajili ya upasuaji.

Hapo ndipo fumbo la mgonjwa huyu linapoanza. Dawa anayomeza nyumbani na dawa ya kumzindua thieta ni za ukoo mmoja.

Neostigmini na mpaka wake

Wagonjwa wengi wa miastenia humeza vidonge vya piridostigmini mara kadhaa kwa siku. Vidonge hivyo hukizuia kimeng'enya kilekile. Upasuaji ukiisha, mtaalamu akimdunga neostigmini, anagonga mlango ambao tayari umefunguliwa nusu. Kimeng'enya kikiwa kimezuiwa chote, kuongeza dawa hakuongezi nguvu. Neostigmini ina mpaka huo hata kwa mtu mwenye afya: ulegevu ukiwa mzito sana, dawa hii haiwezi kuuondoa, hata ikiongezwa namna gani. Inapasa kungoja misuli ianze kurudi yenyewe kwanza.

Lipo tatizo lingine. Asetilikolini ikizidi mno, msuli haupati nguvu bali hulegea. Mate hufurika, kifua hujaa makamasi, tumbo husokota, mboni za macho husinyaa, na mapigo ya moyo hupungua. Kwa sababu hiyo neostigmini hutolewa pamoja na atropini au glikopiroleti ili kuulinda moyo na kukausha mate. Lakini dawa hizo mbili haziondoi ulegevu wa misuli unaotokana na asetilikolini iliyozidi.

Hebu fikirini mhudumu aliyesimama kando ya kitanda saa nane usiku. Mgonjwa amelegea na anapumua kwa shida. Je, amelegea kwa sababu dawa ya kulegeza bado imo mwilini? Au ugonjwa wake umeshtuka kwa sababu ya upasuaji? Au amepewa neostigmini nyingi juu ya vidonge alivyokuwa akimeza? Sababu ni tatu, na zote zina sura moja. Tiba ya moja yaweza kuizidisha nyingine. Katika hali hiyo hatua ya kwanza si kudunga dawa zaidi. Hatua ya kwanza ni kumpumulia mgonjwa, kulinda njia yake ya hewa, kisha kutafuta sababu kwa utulivu. Mashine ya kupumulia huwapa wahudumu muda wa kufikiri.

Hayo hayana maana kwamba neostigmini ni dawa mbaya. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei nafuu, na imewazindua watu wengi salama kwa miongo mingi. Hoja ni kwamba kwa mgonjwa huyu haitabiriki, na anayeitumia anapaswa kulijua hilo kabla ya kuivuta kwenye sindano.

Dawa inayoikamata dawa

Mwishoni mwa karne iliyopita, mwanasayansi Anton Bom na wenzake wa kampuni ya Organon huko Newhouse, Scotland, walifuata njia tofauti. Hawakukigusa kimeng'enya kabisa. Walitengeneza mzingo wa sukari nane zilizoungana, wenye uwazi katikati unaotosha kuimeza chembe ya rokuroniamu. Dawa hiyo ni sugamadeksi. Ikiingia katika damu, huikamata rokuroniamu na kuifungia ndani. Dawa iliyoko kwenye misuli nayo hurudi katika damu na kukamatwa. Vipokezi hubaki wazi, na vyote viwili hutoka mwilini kwa njia ya figo. Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa hii mwaka 2008. Marekani iliisubirisha hadi Desemba 2015 kwa sababu wasimamizi wa dawa huko walikuwa na wasiwasi kuhusu mzio.

Faida yake kwa mgonjwa wa miastenia ni dhahiri. Haiongezi asetilikolini, hivyo haigongani na vidonge vyake. Haihitaji atropini. Tena huweza kuuondoa ulegevu mzito ambao neostigmini haiuwezi. Kipimo chake hutegemea ulegevu uliopo: miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito ikiwa misuli imeanza kurudi, miligramu 4 ikiwa ulegevu bado ni mzito, na miligramu 16 katika dharura ya kuondoa mara moja kipimo kikubwa cha rokuroniamu kilichotolewa punde tu.

Hata hivyo dawa hii nayo ina masharti yake, na ni vyema kila thieta iyajue.

Kwanza, huikamata rokuroniamu na vekuroniamu tu. Haifanyi kitu kwa atrakuriamu wala suksametoniamu. Kwa hiyo uamuzi wa kuitumia hufanywa mwanzo wa upasuaji, wakati wa kuchagua dawa ya kulegeza, wala si mwisho wakati wa kuzindua.

Pili, yaweza kuleta mzio mkali. Dawa za kutibu mzio ziwe karibu.

Tatu, haishauriwi kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeharibika sana.

Nne, hupunguza nguvu ya homoni za uzazi wa mpango. Mwanamke anayetumia vidonge, sindano au kipandikizi anapaswa kuongeza njia nyingine isiyo ya homoni, kama kondomu, kwa siku 7. Ni jambo dogo la kusema, lakini lisiposemwa, mama hurudi nyumbani bila kujua.

Tano, ni ghali kuliko neostigmini. Hospitali nyingi haziwezi kuitumia kwa kila mgonjwa. Lakini kuiweka akiba kwa ajili ya wagonjwa wachache ambao neostigmini ni hatari kwao ni jambo tofauti, na linastahili kufikiriwa na kila kamati ya dawa ya hospitali. Siku moja tu ya mgonjwa kwenye mashine katika chumba cha mahututi ina gharama yake pia.

La mwisho, sugamadeksi huondoa dawa ya kulegeza, lakini haiondoi miastenia. Mgonjwa hurudi katika udhaifu wake wa kawaida, si katika nguvu za mtu mwenye afya. Kumekuwa na taarifa za wagonjwa wa miastenia ambao misuli yao haikurudi kama ilivyotarajiwa hata baada ya kupewa dawa hii. Ndiyo sababu sehemu inayofuata ni muhimu kuliko dawa yoyote.

Kupima, si kukisia

Kipo kifaa kidogo kinachotumia umeme hafifu kuishtua neva ya mkono mara nne ndani ya sekunde 2. Kidole gumba hujibu kwa kujongea. Nguvu ya jibu la nne hulinganishwa na ya jibu la kwanza. Njia hii ilielezwa mwaka 1970 na Ali, Utting na Gray wa Liverpool, Uingereza. Misuli ikiwa imerudi vizuri, jibu la nne hukaribia la kwanza. Kiwango kinachokubalika leo kabla ya kutoa mpira wa kupumulia ni 0.9 au zaidi.

Zamani mgonjwa aliambiwa ainue kichwa kwa sekunde 5, au aminye mkono wa muuguzi. Vipimo hivyo haviaminiki. Mtu aweza kuinua kichwa ilhali misuli ya koo lake bado haiwezi kuzuia mate yasiingie mapafuni. Hata anayetazama kidole kikijongea hudanganyika, kwani tofauti ikishapita 0.4, jicho na mkono wa mwanadamu haviioni tena. Kifaa kinachotoa nambari ndicho kinachosema kweli.

Kwa mgonjwa wa miastenia kuna jambo moja la ziada ambalo husahaulika. Kiwango chake chaweza kuwa chini ya 0.9 hata kabla hajapewa dawa yoyote ya kulegeza. Kwa hiyo apimwe mara tu baada ya kulala usingizi, kabla ya dawa ya kulegeza, na nambari hiyo iandikwe. Hiyo ndiyo nambari yake mwenyewe, na ndiyo itakayoonyesha mwishoni amerudi alipokuwa au la. Asiyepima mwanzo hana cha kulinganisha mwisho.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kisimpe mhudumu matumaini ya bure. Mgonjwa akiwa amewekewa oksijeni, nambari yaweza kusoma vizuri huku pumzi zikiwa hafifu na hewa chafu ikijaa katika damu. Tazameni kifua kinavyopanda, sikilizeni sauti, hesabuni pumzi.

Mara nyingine njia bora ni kutotumia dawa ya kulegeza kabisa. Upasuaji wa sehemu ya chini ya mwili waweza kufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Na kwa mgonjwa wa miastenia, mara nyingi gesi za usingizi peke yake hulegeza misuli ya kutosha.

Si miastenia peke yake

Maradhi ya misuli ni mengi, na dawa iliyo salama katika moja yaweza kuwa hatari katika jingine. Mfano ni distrofia ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaowapata hasa wavulana. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, huwa na misuli minene ya ndama za miguu, na akitaka kusimama hujishika mapaja na kujiinua kwa mikono. Mtoto kama huyo akipewa suksametoniamu, misuli yake huweza kupasuka, madini ya potasiamu yakamwagika katika damu na moyo ukasimama ghafla. Watoto walipoteza maisha namna hiyo kabla ya ugonjwa wao kujulikana, na tangu miaka ya 1990 maelezo ya dawa hiyo nchini Marekani yamebeba onyo kuhusu watoto. Kwa mtoto wa Duchenne anayehitaji kulegezwa, rokuroniamu inayofuatwa na sugamadeksi imetoa njia nyingine.

Katika distrofia ya myotoni, misuli hukaza na kuchelewa kuachia. Suksametoniamu huweza kumkakamaza mgonjwa huyo taya hata mpira usipite, na neostigmini nayo imeripotiwa kuleta kukakamaa. Basi neno "ugonjwa wa misuli" peke yake halitoshi katika faili. Andikeni jina la ugonjwa.

Kabla ya siku ya upasuaji

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa na jamaa zake wana kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuwafanyia.

Waseme ugonjwa huo mapema, katika kliniki, wodini na tena thieta, hata kama wanaamini kwamba umeandikwa. Waje na vidonge vyote au orodha yake, pamoja na saa za kumeza. Wasiache piridostigmini wala prednisoloni kwa uamuzi wao wenyewe. Wamuulize mtaalamu wa nusukaputi ipi imezwe asubuhi ya upasuaji na ipi isubiri. Hasa prednisoloni ikiachwa ghafla, mwili huweza kuporomoka.

Waseme pia kama wamewahi kushindwa kupumua au kumeza. Waseme kama katika familia kuna aliyefariki au aliyechelewa kuzinduka baada ya dawa za usingizi. Asiyejua jina la ugonjwa wake aeleze dalili: kope zinazoanguka jioni, kuona viwiliviwili, kuchoka kutafuna.

Wahudumu nao wana orodha yao. Mwaka 1980 wataalamu walieleza mambo manne yanayoashiria kwamba mgonjwa wa miastenia aliyefanyiwa upasuaji wa kutoa tezi ya thaimasi huenda akahitaji mashine baadaye: kuugua kwa zaidi ya miaka 6, kuwa na ugonjwa mwingine wa muda mrefu wa mapafu, kumeza zaidi ya miligramu 750 za piridostigmini kwa siku, na mapafu yanayoweza kutoa chini ya lita 2.9 za hewa kwa pumzi moja kamili. Matibabu yamebadilika tangu wakati huo, lakini maswali hayo bado yanafaa kuulizwa.

Kisha kuna dawa za kawaida ambazo hulegeza misuli kwa mlango wa nyuma. Jentamisini na siprofloksasini, ambazo hutolewa kuzuia au kutibu maambukizi, zaweza kuushtua ugonjwa. Vivyo hivyo kwinini ya malaria. Na salfeti ya magnesiamu, ambayo huokoa akina mama wenye kifafa cha mimba, ni hatari kwa mama mwenye miastenia. Mama mjamzito mwenye ugonjwa huu asisubiri uchungu umshike ndipo aeleze. Mpango wa kujifungua kwake uandikwe mapema, pamoja na dawa mbadala ya kuzuia kifafa.

Kazi ya kila ngazi

Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba kwa nyumba ndiye wa kwanza kuona kope zilizolala. Kazi yake si kutibu, bali ni kumwelekeza mtu huyo kituoni na kumsisitizia asimfiche daktari.

Zahanati na kituo cha afya kiandike jina la ugonjwa kwenye barua ya rufaa kwa herufi zinazosomeka. Upasuaji usio wa dharura wa mgonjwa huyu ufanyike mahali penye mtaalamu wa nusukaputi, kifaa cha kupima misuli, na mashine ya kupumulia iliyo tayari. Kama hospitali ya ngazi ya 4 haina vitu hivyo, rufaa kwenda ngazi ya 5 au ya 6 haimaanishi kushindwa kazi. Ni sehemu ya matibabu.

Apangwe wa kwanza asubuhi, akiwa na nguvu na wahudumu wote wakiwa kazini. Akitoka thieta asikimbizwe wodini, bali akae anapotazamwa kwa karibu, kwa kuwa udhaifu huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Wanaobadilishana zamu waambiane kwa mdomo, si kwa faili tu.

Jamaa wanaohofia gharama waulize mapema katika ofisi ya hospitali ni huduma zipi zinazolipiwa kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, badala ya kuahirisha upasuaji hadi uwe wa dharura. Upasuaji wa dharura ndio unaomnyima mgonjwa huyu maandalizi yote yaliyotajwa hapa.

Mabibi na mabwana, zaidi ya miaka 90 imepita tangu kope za mgonjwa mmoja ziinuke huko Greenwich. Leo dawa zipo, vifaa vipo, na maarifa yapo. Mgonjwa wa miastenia aweza kufanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani kwake kama mtu mwingine yeyote, mradi ugonjwa wake ujulikane kabla hajalazwa mezani, dawa ya kulegeza ichaguliwe huku dawa ya kuiondoa ikijulikana, na mpira wa kupumulia usitolewe mpaka kipimo kiseme ndiyo.

Wagonjwa, semeni. Wahudumu, pimeni.